Kamati ya Mlima

Mama yangu alikuwa na mazoea ya kuanika nguo kabla jua halijapanda, na majirani wa ploti yetu walidhani ni bidii. Haikuwa bidii. Tulikuwa tunaishi mtaa wa Satellite, Nairobi, mimi na yeye, nyumba ya chini karibu na geti, na kamba za nguo zilikuwa juu kabisa, kwenye paa la simiti, katikati ya matangi ya maji. Asubuhi za Januari na Februari, na tena mvua ikishaosha hewa, Mlima Kenya ulionekana kutoka pale juu. Si kila siku, na si kwa muda mrefu. Mama alipanda na beseni lake, akaanika shati moja, akasimama akatazama, akaanika lingine. Nguo za watu wawili zilimchukua muda kuliko za familia ya watoto sita.

Alizaliwa hapo karibu, Kabiria, zamani ilipokuwa mashamba ya viazi vitamu na nduma, kabla ya mabati na maghorofa. Bibi yake alikuwa akiomba ameuelekea mlima huo. Mama alipomuuliza ule weupe wa juu ni nini, bibi alimwambia ni ira, ile chokaa ambayo watu walipakwa usoni siku za sherehe. Alipoenda shule, mwalimu akamwambia si chokaa, ni maji yaliyoganda. Mama hakumwamini bibi wala mwalimu. Miaka mingi baadaye, nilipopata kazi nikanunua friji, alikwangua barafu ya mle ndani kwa kijiko, akaonja, akaniambia, "Hii ni ya stima. Hiyo ya mlima inagandishwa na nini?"

Nikamwambia ni baridi.

"Baridi gani, na iko karibu na jua kuliko sisi?"

Basi hilo ndilo lilikuwa jambo lake. Mama aliuza viazi na sukuma wiki sokoni Kawangware mpaka nywele zikawa nyeupe, akanisomesha, akazika mume, na kwa nafsi yake sikuwahi kumsikia akitamani kitu chochote ila hicho. Alinitajia jikoni, anamenya vitunguu, bila kuinua uso. "Kabla hizi magoti ziishe, nataka kufika huko nijionee."

Wakati huo nilikuwa karani katika ofisi moja ya bima Upper Hill. Aliyenijulisha kwamba jambo hilo linawezekana ni mwenzangu wa kazi, dada mmoja wa Mombasa ambaye meza zetu zilitazamana. Yeye aliwahi kupelekwa huko na wenzake wa chuo. Ilinichoma kidogo. Mtu aliyekulia baharini, anayefunga Ramadhani na kuvaa sweta mwezi wa Disemba, alishauona mlima kwa karibu, na sisi tuliozaliwa tukiuelekea tulikuwa hatujafika hata miguuni pake. Aliniambia hakuna haja ya kwenda kileleni na kamba. Upande wa mashariki kuna geti ndani ya msitu, gari dogo lenye nguvu linafika. Kutoka hapo ni njia ya miguu, unapita mianzi, unapita miti mikubwa yenye ndevu, unatokea kwenye nyasi, na mbele yako kuna ziwa dogo lililochimbwa na barafu zamani za kale. Ukisimama ukingoni, kilele kiko hapo, na barafu yake.

"Mamako ataweza," alisema. "Aende pole pole tu. Lakini muanze alfajiri, maana mchana mlima hujifunika."

Nilirudi nyumbani nimefurahi. Nikamwambia mama tuchukue siku ya sikukuu, twende wawili, tukodi gari huko huko. Alinitazama kama nimemwambia twende kuiba.

"Wanawake wawili kwa msitu? Na tukienda, tutakuwa tumeenda na nani? Twende na watu wa kanisa. Mlima si pahali pa kuingia kama mwizi."

Kwetu ndivyo ilivyo, na sijui ni nani alituroga. Mtu haendi mahali pa maana peke yake. Anaolewa na kamati, anazikwa na kamati, na akipata mtoto kamati inakuja kumwona na unga na sabuni. Sikubishana. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, watu wakinywa chai nje, nikataja jambo la mlima kwa wawili watatu waliosimama karibu. Vikombe vilipokuwa vikikusanywa tayari kulikuwa na mwenyekiti.

Huyo mwenyekiti nilimfahamu vizuri, kwa sababu ploti iliyopakana na yetu ilikuwa yake. Alikuwa amestaafu kazi ya mshahara, akawa na nyumba za kupangisha kule Kabiria, na hiyo ploti ya pembeni yetu alikuwa ameipanda mahindi akingoja kujenga. Alishakuwa mwenyekiti wa harusi zote, matanga yote, na paa la kanisa. Hakuwa mtu mbaya, na mpaka leo hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa mbaya ningempigia kelele siku ya kwanza tukamalizana.

"Hii maneno ya mlima ni nzuri sana," alisema, amefunga mikono mgongoni. "Lakini lazima tuipange. Hatuwezi enda kama ng'ombe. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Mimi nilidhani tunahitaji siku na gari. Kamati iliona tunahitaji kamati nyingine. Ikazaliwa kamati ndogo ya usafiri, ya chakula, ya maombi, na ya mavazi. Hiyo ya mavazi iliketi kutoka Pasaka mpaka shule zikafungwa, wakijadili rangi ya tisheti. Kuna waliotaka kijani kwa sababu ya msitu. Kuna waliotaka nyeupe kwa sababu ya barafu. Mwishowe ikawa rangi ya damu ya mzee, kwa sababu kwaya ilikuwa na kitambaa kilichobaki. Nilikaa katika mikutano hiyo kwenye viti vya plastiki, nikitazama saa, nikifikiria magoti ya mama.

Halafu likaja suala la mgeni wa heshima. Niliuliza mgeni wa heshima wa nini, na sisi tunaenda kutembea. Mwenyekiti alinieleza kwa upole, kama unavyomweleza mtoto, kwamba safari lazima mtu aizindue. Mgeni waliyemtaka alikuwa mtu mkubwa, na mtu mkubwa ana mambo mengi, kwa hiyo kila tarehe tuliyopanga ilimngoja yeye, naye akituma salamu.

Kazini nilimsimulia yule dada wa Mombasa, na alicheka mpaka akavua miwani. "Huo ni mlima ama ni harusi?" aliniuliza. "Manahodha wengi, mwanangu, chombo huenda mrama." Kila Jumatatu ikawa ananiuliza mahari imefika ngapi.

Kamati ikaamua kwanza tufanye mazoezi. Hilo nililipenda. Tungeenda vilima vya Ngong, ambavyo ni hapo tu, tutembee mgongoni mwa vilima kutoka cha kwanza mpaka cha nne, turudi, ijulikane nani ana pumzi. Nilimnunulia mama raba nyeupe za Bata, naye akajikatia fimbo ya mti wa mreteni. Basi lilipaswa kuondoka asubuhi na mapema. Liliondoka jua likiwa limeshachoma, kwa sababu mwenyekiti alikuwa akimngoja mweka hazina, na mweka hazina alikuwa akingoja sufuria. Tukapita sokoni Ngong, mbuzi akanunuliwa akapakiwa kwenye buti la basi. Alilia njia nzima chini ya miguu yetu.

Tulipofika juu upepo ulikuwa mkali, mitandio inaruka. Ikafanywa sala. Ikafanywa hotuba ya kutukaribisha mahali ambapo tulikuwa tumejileta wenyewe. Mwenyekiti alikuwa amevaa koti la suti na viatu vya ngozi. Tukapanda kilima cha kwanza, na hapo juu watu wakashika viuno, wakasema mandhari ni nzuri mno, hebu tupige picha. Baada ya picha wakakumbuka nyama. Nilipogeuka kumtafuta mama sikumwona.

Alikuwa ameendelea mbele na askari wa msitu aliyepewa kutusindikiza. Niliwaona kwa mbali, askari na bunduki yake na mama na fimbo yake, wanashuka kilima cha pili, wanapotea, wanatokea cha tatu. Nikakimbia kuwafuata nikashindwa, nikaketi kwenye nyasi nikawangoja. Aliporudi alikuwa anapumua vizuri tu, na pindo la rinda limejaa mbegu za nyasi. Wenzetu bado walikuwa wanapasua mbavu za mbuzi. Mweka hazina akampa kipande cha ini akamwambia, "Mama, pole, umechoka?"

"Sijachoka," mama alisema. "Sasa tunaenda hiyo ingine lini?"

Siku hiyo angeweza. Hiyo ndiyo siku ninayoikumbuka nikikasirika. Kama basi lile lingegeuza kichwa likaelekea mlimani kesho yake, mama angeshika barafu kwa mkono wake. Badala yake mwenyekiti alisimama akashukuru kamati ndogo ya chakula.

Basi yakaanza ya kuahirisha. Tarehe moja ikaliwa na matanga ya mzee wa kanisa. Nyingine ikaliwa na harusi, maana mwenyekiti wa mlima alikuwa pia mwenyekiti wa harusi, na basi lilikuwa moja. Nyingine ikaliwa na mvua. Na katikati ya mikutano hiyo mwenyekiti akang'oa mahindi yake, akaanza kujenga.

Mwanzoni hatukujali. Ploti ni yake, na Nairobi kila mtu anajenga. Mafundi wakachimba msingi, wakamwaga zege, nguzo zikapanda. Sisi kwenye paa letu tulianza kukung'uta vumbi la simiti kwenye shuka safi. Halafu siku moja mama akashuka na beseni akaniambia mlima umekatwa mguu. Nilipanda kuangalia. Ukuta wa mwenyekiti ulikuwa umefunika vilima vya chini, na kilele kimebaki peke yake juu ya matofali. Alipoongeza ghorofa, mama alihamia kona ya paa, karibu na tangi. Alipoongeza nyingine, mama akapanda juu ya debe lililogeuzwa, ameshika bomba la tangi, mwanamke wa umri ule. Mwishowe hata debe halikusaidia. Kamati ilikuwa bado haijapata tarehe, na jengo lilikuwa limefika linta ya mwisho, chini kidogo ya paa.

Nilitaka kumwendea mwenyekiti nimwambie. Mama alinikataza. "Ni shamba yake. Atajenga chini ili mimi nione juu?"

"Basi atupeleke huko."

"Atatupeleka. Ni mtu wa kushika neno lake, ni vile tu hana haraka."

Mimi nilikuwa na haraka. Katika mkutano uliofuata nilisimama, na mimi si mtu wa kusimama mikutanoni. Nikasema jambo hili lilianza kwa sababu ya mtu mmoja mzee aliyetaka kutembea njia ya msituni akiwa na miguu, na miguu haingoji tisheti. Mwenyekiti alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu. "Msichana wangu, haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, mwenyekiti."

Watu waliguna. Mtu wa maombi akapendekeza tufunge kwa sala. Lakini tarehe ilipangwa hiyo hiyo siku, na nilitembea kwenda nyumbani nikijiona shujaa. Tarehe hiyo ikaangukia mwaka wa kura. Mgeni wa heshima alikuwa akigombea kiti na hakuna aliyempata, na baada ya kura nchi ikachafuka, kila mtu akafunga mlango wake. Hakuna aliyezungumzia kutembea kwa starehe. Hapo siwezi kulaumu kamati, ingawa nilijaribu.

Nchi ilipotulia, magoti ya mama yalikuwa yameshatangulia. Kwanza niliona anapumzika katikati ya ngazi, beseni limewekwa chini. Halafu nikawa mimi ndiye ninayebeba beseni, yeye anafuata mikono mitupu. Halafu akaacha kupanda. Alisema hakuna haja, huko juu kumebaki ukuta tu. Nilimpeleka kwa daktari karibu na kazini kwangu, saa ya chakula cha mchana. Daktari aliyakunja magoti yake na kuyanyoosha, akasema yamelika ndani, akaandika dawa na mafuta ya kuchua. Mama akamuuliza kama anaweza kupanda mlima. Daktari alicheka, akidhani ni utani.

"Mama, hata ngazi uziogope," alimwambia.

Tulitoka nje tukasimama kando ya barabara, magari ya Upper Hill yanapita na watu wenye tai wanakimbilia chakula. Mama alikuwa ameshika karatasi ya dawa kama tiketi. "Huyo ni kijana," alisema. "Hajui." Nilitaka kulia hapo hapo, na nikawa nimekasirika kiasi kwamba kilio hakikutoka.

Na ndipo, baada ya yote hayo, tarehe ikapatikana. Mwenyekiti mwenyewe alikuja mlangoni kwetu na tisheti ya mama imekunjwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni. Nilimwambia daktari alivyosema. Mama akanikatiza. "Naenda," alisema, akaichukua.

Nilikuwa nimewaambia kwenye mkutano, zaidi ya mara moja, kwamba basi halifiki kwenye geti la msitu. Barabara ni ya udongo, inataka gari dogo lenye nguvu, na watu wanatakiwa wawe getini alfajiri. Maneno hayo niliyatoa kwa yule dada wa Mombasa neno kwa neno. Waliyasikia. Lakini basi lilikuwa la mtu wa kanisa, na kumkosesha kazi ndugu kungekuwa jambo baya, kwa hiyo kamati ndogo ya usafiri iliamua kumwachia Mungu. Tuliondoka Satellite jua limetoka. Tulisimama kunywa chai. Tulisimama tena kununua ndizi. Basi liliingia barabara ya msitu, likaenda mita chache, likazama kwenye matope mpaka ngazi ya mlango.

Zikatafutwa pikapu za wenyeji, zikaanza kutubeba kwa zamu. Zamu ya kwanza ilimchukua mwenyekiti, mchungaji, bango na kipaza sauti. Mama alipanda ya pili, ameketi juu ya gunia la sufuria. Nilisimama nyuma yake nimeshika chuma, matawi yananipiga, na nikiangalia juu kila penye mwanya, nikiomba mawingu yaongeze subira kidogo. Hewa ilikuwa na baridi ya kweli, ile inayoingia puani. Mama alikuwa anatabasamu. Sijamwona akitabasamu vile tena.

Getini tulikuta utepe. Walikuwa wamefunga utepe kati ya miti miwili, na mwenyekiti ana makasi. Mgeni wa heshima hakuja, alituma mtu, na huyo mtu alikuwa na hotuba. Niliona askari wa msitu amesimama pembeni, anaangalia saa yake, kisha anaangalia juu, kisha saa. Hotuba ilipoisha na utepe kukatwa, watu wakapiga makofi, wakajipanga. Askari akainua mkono. Akasema, bila ukali wowote, kwamba kwa sasa hakuna mtu atakayekwenda ziwani. Saa imepita. Ukungu unashuka mchana, mvua inafuata, na watu wanapotea kila mwaka. Anaweza kuturuhusu njia fupi tu, ndani ya msitu, mpaka kwenye mawe, kisha kurudi.

Nilitegemea mwenyekiti abishane. Alitoa leso akapangusa uso. "Ni sawa," alisema. "La muhimu ni kwamba tumefika."

Nilimwambia hatujafika. Nilimwambia mbele ya mchungaji na bango na watu wote, kwa sauti ambayo mama hakunifundisha, kwamba tumefika kwenye mlango wa mlima na kufungua kanisa, na kwamba mama yangu hatapata miguu mingine. Mtu wa chakula alianza kugawa soda.

Mama alinivuta mkono. "Wacha kelele. Twende hiyo fupi."

Tulienda sisi wawili na askari mmoja. Wengine walikaa na sufuria. Njia ilikuwa nyembamba, laini kwa majani, na pembeni yake mianzi imesongamana. Mbele mianzi iliisha ikaja miti mikubwa ya zamani, imepinda, na kijivu kinaning'inia kwenye matawi yake, zile ndevu alizonisimulia mwenzangu. Mama alitembea kwa fimbo ya mreteni na bega langu. Kila hatua ya kupanda alivuta pumzi kwa meno. Nilimwambia turudi, akajifanya hasikii. Tuliposhika mwinuko wa mwisho tukakuta mawe, makubwa, yamelala ovyo kwenye nyasi, mengine yamekwaruzwa kwa mistari iliyonyooka. Askari akatuambia yaliletwa na barafu. Zamani sana barafu ya mlimani ilikuwa inateremka mpaka huku, inasukuma mawe, na ilipoyeyuka ikayaacha.

Mama aliketi juu ya moja. Akapitisha kiganja kwenye mistari ile. "Ilifika hapa?"

"Ilifika, mama."

"Hapa ninapokaa."

"Hapo hapo."

"Na ikarudi juu."

"Inaendelea kurudi," askari alisema. "Hata mimi nilipoanza kazi ilikuwa kubwa kuliko sasa."

Mama alitazama mbele, mahali ambapo mlima ulitakiwa kuwa. Kulikuwa na ukungu mweupe tu, unashuka kati ya miti kimya kimya. Nyuma yetu, kutoka getini, kipaza sauti kilikuwa kinashukuru kamati ndogo ya mavazi. "Kwa hivyo tumechelewa," mama alisema. Hakumaanisha sisi peke yetu, nadhani, lakini mimi nilisikia hivyo.

Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda. Askari alimshika upande mmoja na mimi upande wa pili, na goti la kulia likafura kabla hatujafika getini. Alipanda pikapu kwa kubebwa.

Jumapili iliyofuata ripoti ilisomwa kanisani kwamba safari ya mlima ilifaulu, hakuna aliyeumia, na Mungu alifungua njia. Mama aliombwa asimame kama mpandaji mwenye umri mkubwa kuliko wote. Akasimama kwa fimbo, akapigiwa makofi, akapewa blanketi. Mimi nilitoka nje kabla ya sadaka, nikasimama karibu na choo cha wanaume nikivuta pumzi. Jumatatu yule dada aliniuliza, "Mumeuona?" Nikamwambia tumeona geti. Safari hii hakucheka.

Jengo la mwenyekiti lilikamilika mwaka ule. Lilikuwa refu kuliko yote ya mtaa wetu, na wapangaji walikuwa hawajaingia. Siku moja alimkuta mama ameketi nje kwenye stuli, anachambua mchele, akasimama kumsalimia. Kisha, kwa furaha ya kweli, akamwambia, "Mama, sasa wewe hauna shida. Njoo kwangu asubuhi yoyote, upande mpaka juu. Mlima unauona wote, bila msitu, bila matope. Mlinzi nimeshamwambia."

Mama alimshukuru. Mimi niliingia ndani ili nisiseme kitu.

Nilidhani amesahau. Lakini baada ya mvua ndefu, asubuhi moja ya baridi, niliamka nikakuta kitanda chake kitupu na raba nyeupe hazipo. Nilijua aliko. Mlinzi wa mwenyekiti alinionyesha ngazi kwa kidole. Zilikuwa ngazi za simiti, pana, bado hazijawekwa vyuma vya kushikia, na ukutani niliona alama ya vumbi mahali ambapo mkono wake ulipitia akipanda. Nilimkuta ghorofa ya tatu. Alikuwa ameketi kwenye kibaraza cha ngazi, mguu wa kulia umenyooshwa, fimbo imelazwa mapajani. Juu yake zilibaki ngazi nyingi kuliko alizokwisha panda.

Sikumgombeza. Nilisema, "Mama."

"Nimefika hapa tu," alisema. "Enda wewe. Angalia, urudi uniambie."

Nilipanda nikiruka ngazi mbili mbili, kwa hasira, nikatokea juu kwenye paa jipya ambalo halikuwa na kamba wala tangi. Mlima ulikuwa wazi wote. Ulikuwa umesimama kule ng'ambo ya mabati ya Kawangware na vilima vyote vya katikati, kutoka miguuni mpaka kileleni, hakuna hata wingu. Nilisimama nikautazama kwa niaba yake, nikijaribu kushika kila kitu, meno yake mawili, vivuli vyake, na kile cheupe kidogo pembeni, kama ukucha uliokatwa. Nilikumbuka kilivyokuwa kipana zamani, kutoka kwenye paa letu la chini. Sikutaka kushuka.

Nilipomrudia alikuwa amegeuza uso kuelekea juu, ananingoja.

"Uko?"

"Uko. Wote."

"Na ira?"

"Ipo. Kidogo sana."

Alitikisa kichwa akifikiri, akashika fimbo, akaninyooshea mkono nimwinue. "Basi usimwambie mwenyekiti," alisema. "Ataitisha mkutano."

Nilicheka mpaka nikaketi kando yake kwenye ile simiti baridi, na katikati ya kucheka nikakasirika upya. Tulikaa hapo muda kidogo. Halafu tukaanza kushuka, yeye kinyumenyume, mkono mmoja ukutani na mmoja shingoni kwangu.